Shajara ya Anne darasani Goma: itaponya au itatonesha kidonda?

SWALI: Nafundisha Kifaransa hapa Goma, mwaka wa tatu wa humanite, yaani sekondari ya juu. Nina wanafunzi 46, wengi wana miaka 15 hadi 17. Muhula uliopita niliwasomea kurasa chache za shajara ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha na familia yake mjini Amsterdam, Uholanzi, Wanazi wa Ujerumani walipokuwa wakiwasaka Wayahudi: ule usiku wezi walipoingia katika nyumba waliyojificha. Binti mmoja alitoka nje akilia. Mvulana mmoja alicheka, nikamfukuza. Mwingine akauliza kwa nini tulie vita vya Wazungu wakati sisi tuna vyetu. Lakini kengele ilipolia, wanafunzi sita walikuja kuniomba kitabu, nami ninacho kimoja tu. Nataka kuendelea, na nataka waandike shajara zao pia. Kitabu cha namna hii kinamfanya nini msomaji ambaye naye amepita vitani? Nitawaponya, au nitatonesha vidonda?

JIBU: Jambo Mama mwalimu, na pole kwa kazi.

Kilio, kicheko, swali la hasira na wale sita waliotaka kitabu: yote manne yametoka chanzo kimoja. Msomaji wa shajara hasimuliwi vita kwa mbali. Anaketi chumbani na mtu aliye ndani ya vita na ambaye hajui kesho kutakuwaje. Anne alipewa daftari lake tarehe 12 Juni 1942, siku aliyotimiza miaka 13. Aliandika mara ya mwisho tarehe 1 Agosti 1944, na siku tatu baadaye wakakamatwa. Ukurasa huo wa mwisho hauna kwaheri hata moja. Anazungumzia tabia yake, jinsi anavyojiona kama wasichana wawili ndani ya mmoja, kwa sababu hakujua kwamba anaaga. Sisi tunajua, yeye hajui. Humo katikati ndimo moyo wa msomaji unapoingia.

Msomaji aliyekulia mahali pa amani huijaza nafasi hiyo kwa huruma. Msomaji wa mitaa yetu ya Ndosho au Majengo huijaza kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo sababu maelekezo mengi ya walimu yaliyoandikwa Ulaya yatakupoteza ukiyafuata neno kwa neno. Yanadhani mwanafunzi hajui vita, kwa hiyo lazima aonyeshwe. Wanafunzi wako walikuwa hapa mwezi wa kwanza wa 2025, vita vilipoingia Goma. Masasi wameyasikia kwa masikio yao. Ukiwasomea hatua za watu ngazini usiku, mlango ukitikiswa na watu wanane wakizuia pumzi, hujawafundisha kitu kipya. Umewarudisha chini ya kitanda.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: endelea, lakini badilisha kurasa. Ule usiku wa wezi, ulioandikwa tarehe 11 Aprili 1944, ni mojawapo ya kurasa nzito kuliko zote kwa mtoto aliyewahi kujificha. Uuache kabisa, pamoja na zile za ndege zinazopiga mabomu usiku na Anne kukimbilia kitandani kwa baba yake. Atakayezitaka atazisoma mwenyewe, kwa wakati wake, kitabu kikiwa mkononi mwake na akiwa na uwezo wa kukifunga. Kukisoma peke yako ni tofauti kabisa na kusomewa ukiwa umebanwa katikati ya benchi la watu wanne.

Sasa kitabu hiki kinawapa nini, ikiwa vita wanavijua tayari?

Tazama msichana mmoja wa Sarajevo, Bosnia, Zlata Filipović. Alianza kuandika shajara yake Septemba 1991, akiwa na miaka 10, kabla vita havijafika mjini kwao. Alijua kwamba Anne aliipa shajara yake jina la Kitty, naye yake akaiita Mimmy. Vita vilipoingia, Sarajevo ikazingirwa, maji na umeme vikakatika, naye akaendelea kumwandikia Mimmy. Kisha watu wakaanza kumlinganisha na Anne Frank, na hapo Zlata akaandika kwamba jambo hilo linamtisha, kwa sababu hataki kupatwa na yaliyompata Anne. Aliondoka Sarajevo mwishoni mwa 1993, akaishi. Ona mambo mawili yaliyompata msomaji mmoja. Kitabu kilimpa namna ya kuongea na nafsi yake, halafu kikamtupia kivuli. Darasani kwako yote mawili yatatokea, pengine kwa mwanafunzi yuleyule wiki ileile. Kazi yako ni kuifungulia njia ile ya kwanza na kukipunguza kivuli.

Kivuli hupungua ukisema mwisho mapema. Walimu wengi hufanya kinyume: wanaficha kifo cha Anne hadi somo la mwisho, wakidhani mshangao utawagusa wanafunzi. Kwa mtoto wa vita mshangao ndio unaoumiza, maana habari mbaya za maisha yake zote zilimjia bila hodi. Somo la kwanza, dakika tano za mwanzo, kwa sauti ya kawaida, sema hivi: walijificha watu wanane, walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944, Anne alikufa kwa ugonjwa katika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa 1945, akiwa na miaka 15, baba yake peke yake ndiye aliyerudi. Kisha ongeza: huo ni mwisho wake yeye, mahali pake na wakati wake, si utabiri wa mtu mwingine yeyote. Usieleze kambi ilivyokuwa. Usionyeshe picha za kambi. Wanaotaka kujua zaidi watakuuliza, nawe utawajibu mmoja mmoja.

Usianze na hesabu pia. Wayahudi waliouawa ni karibu milioni 6, na wanafunzi lazima waijue idadi hiyo, lakini si siku ya kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya kuhusu msaada. Kundi moja lilisoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye miaka 7, kundi jingine lilisoma takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliosoma habari za msichana walitoa pesa zaidi ya mara mbili. Waliopewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, walitoa kidogo kuliko waliopewa msichana peke yake. Namba ilimfunika mtoto. Hapa Goma kila siku redio inatuhesabia watu, na wanafunzi wako wamejifunza kutosikia. Mwache Anne awe mmoja kwanza.

Kurasa ninazokushauri ni chache, zote pamoja hazizidi kumi na mbili, na fotokopi zake zinawezekana: nakala moja kwa wanafunzi watatu, yaani seti 16 kwa darasa lako. Usikate sentensi katikati ili kubana karatasi. Maandishi yawe makubwa ya kutosha kusomeka siku mawingu yamefunga na umeme haupo.

Anza na tarehe 8 Julai 1942. Jumapili tarehe 5 dada yake, Margot, ameitwa kwa barua aende kambi ya kazi. Kesho yake asubuhi familia inaondoka. Anne anaorodhesha alichotia kwenye mkoba: kwanza kabisa shajara, kisha vikunjio vya nywele, leso, vitabu vya shule, kitana, barua za zamani. Mwenyewe anaona ni vitu vya ajabu kubeba, lakini anasema kumbukumbu kwake zina thamani kuliko magauni. Halafu anahesabu nguo alizovaa mwilini: fulana mbili, chupi tatu, gauni, juu yake sketi, koti, koti la mvua, soksi ndefu jozi mbili, na bado. Ni mwezi wa saba, kuna joto. Anazivaa kwa sababu Myahudi aliyeonekana na sanduku barabarani angekamatwa. Na paka wao amebaki.

Soma ukurasa huo polepole, mara mbili, kisha nyamaza. Kuna watoto darasani kwako waliotoka Sake au Rutshuru na nguo tatu mwilini. Hawajawahi kuona jambo hilo limeandikwa kitabuni, kwa Kifaransa kizuri, na kufundishwa kama fasihi. Hapo ndipo utaona wanachopewa. Hawapewi machozi. Wanapewa uthibitisho kwamba kitu kidogo walichokionea haya kinastahili kuandikwa. Usiulize "nani hapa aliwahi kufanya hivi?" Swali hilo limeharibu masomo mengi mazuri. Uliza kuhusu maandishi: kwa nini anaorodhesha? Kwa nini shajara imetajwa kwanza? Mwanafunzi mwenye lake atalijibu moyoni, na siku akitaka atalisema.

Ukurasa wa pili uwe wa tarehe 13 Julai 1943, ugomvi wa meza. Anne analala chumba kimoja na mwanamume mzima, daktari wa meno. Ana ruhusa ya kutumia meza ndogo kila siku kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa kumi, mzee akiwa amelala. Sasa anaomba siku mbili kwa wiki aongezewe kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Mzee anakataa, anaona kazi yake yeye ndiyo kazi. Anne anamwendea baba yake, anajipanga, anarudi tena kwa adabu, na hatimaye anaipata meza. Ukurasa huu unafanya kazi Goma kuliko karibu mwingine wowote, kwa kuwa nusu ya darasa linaishi ndani ya msongamano huo: familia mbili nyumba moja ya mbao, taa moja, nani asome, nani alale. Wanafunzi watacheka, na kicheko hicho ni kizuri. Pia ni mfano bora wa jinsi ya kutoa hoja, kwa hiyo hapa una kazi ya kuwapa alama bila kugusa maisha ya mtu: waandike barua ya kuomba meza, maneno 150, kwa Kifaransa.

Ukurasa wa tatu uchague wewe kati ya zile anazogombana na mama yake au kujiuliza juu ya mwili wake na mapenzi. Chagua kwa kuangalia wazazi wa darasa lako. Jambo la muhimu ni kwamba vijana waone mtu aliyekuwa vitani na bado ana miaka 14. Vita vinawaibia watoto wetu haki ya kukasirika kwa mambo madogo. Wanaambiwa "shukuru upo hai". Anne anawarudishia haki hiyo. Katika nyumba ile wazazi walikuwa wakipima urefu wa mabinti kwa kalamu ya risasi ukutani, na alama bado zipo: Anne aliongezeka zaidi ya sentimita 13 akiwa mafichoni. Waambie hilo. Chora mstari wa sentimita 13 ubaoni, uuache hapo mpaka kengele. Sijui njia iliyo fupi kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba maisha hayakusimama.

Mwisho soma tarehe 15 Julai 1944, lakini kwa uangalifu. Ndipo ilipo sentensi inayobandikwa kila mahali, kwamba anaamini bado watu wana wema moyoni. Wanaibandika wakiikata. Sentensi zinazofuata zinasema anaona dunia ikigeuka jangwa polepole, anasikia ngurumo inayokaribia kuwaua nao pia. Ukiwapa wanafunzi nusu ya kwanza tu, watakuona unawahubiria, na wana haki. Wape aya yote. Waache wabishane kama imani ile na ngurumo ile zinakaa pamoja. Mandela alipofungua maonyesho kuhusu Anne Frank mjini Johannesburg mwaka 1994, alieleza kwamba wafungwa wa kisiwa cha Robben waliisoma shajara hii na ikawatia nguvu. Wale hawakuwa watu wa kudanganywa na sentensi tamu.

Kuhusu saa. Masomo sita yanatosha, mawili kwa wiki. Usiyaweke saa ya mwisho ya siku, maana mtoto atabeba uzito huo peke yake njiani hadi nyumbani. Usiyaweke Ijumaa, maana hutamwona hadi Jumatatu. Kipindi cha pili au cha tatu asubuhi ndicho bora: baada yake kuna hesabu, kuna mapumziko, kuna wenzake. Katika dakika 50, dakika 10 za kwanza ni za maneno magumu na mahali tulipofika, 20 za kusoma, 10 za maswali juu ya maandishi, na 10 za mwisho ni za kurudi nyumbani. Hizi za mwisho usizile hata kama mjadala umepamba moto. Waandike tarehe ya leo, hali ya hewa ya leo, na kitu kimoja watakachokifanya mchana. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini inairudisha akili kutoka Amsterdam na kutoka usiku wao wenyewe hadi kwenye benchi walipo. Ukitaka wapumue pamoja, wapumue macho yakiwa wazi. Kwa aliyepita kwenye hofu kubwa, kufumba macho kunaweza kuleta picha badala ya utulivu.

Kabla ya somo la kwanza weka sheria mbili na uzirudie kila mara. Anayetaka kutoka anatoka bila kuomba, na jirani yake anamsindikiza hadi pale mnapoweza kuwaona. Asiyetaka kujibu analaza biki juu ya daftari, nawe unampita bila neno. Umwambie prefe, mkuu wa shule, mapema, ili mtoto aliye uani asiadhibiwe.

Wengine watalia, wengine watacheka, wengine watasinzia ghafla. Hayo ni ya kawaida. Yule mvulana uliyemfukuza huenda hakudharau kitu. Mwili ukibanwa na hofu hutafuta mahali pa kutokea, na kwa wavulana wengi mahali hapo ni kicheko. Mwite, umwambie hivyo kwa ufupi, umrudishe. Linalotaka uangalifu ni lile la kimya: mtoto anayekodoa macho, umwite jina hajibu, mikono inatetemeka, hajui yupo wapi. Usimshike kwa nyuma. Simama mbele yake, sauti chini, mwite jina lake, mwambie leo ni siku gani na yupo shuleni. Akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ataje vitu vitano anavyoviona. Mpe maji. Wengi hurudi baada ya dakika chache. Usimwulize alichokiona. Kama mambo hayo yanajirudia, kama hapati usingizi, hataki kula, ameacha kucheza na wenzake kwa zaidi ya mwezi, mpeleke kwenye kituo cha afya chenye mshauri wa kisaikolojia, pamoja na mzazi. Na akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata dakika moja. Apelekwe siku ileile.

Sasa shajara zao. Hapa ndipo nia njema huleta madhara makubwa kuliko kusoma kwenyewe.

Utaambiwa kwamba kuandika kunaponya. Ni kweli kwa kiasi, na ni vizuri ujue kiasi hicho. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio lao na wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, waliotakiwa kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Siku zilezile za kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana baadaye: katika miezi iliyofuata, walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Sasa angalia masharti. Walikuwa watu wazima, wako salama, yaliyowaumiza yamepita, na hawakuandika ili mwalimu asome. Wanafunzi wako hawana hata moja kati ya hayo. Kumwambia kijana wa Goma "andika siku mbaya kuliko zote" ni kumfungua kidonda bila kuwa na bandeji.

Kwa hiyo waandike madogo. Siku ya kwanza: kitu kimoja ulichokula jana, na nani alikuwepo. Siku ya pili: sauti tatu unazozisikia kabla ya kulala. Siku ya tatu: ugomvi mdogo wa nyumbani, kama ule wa meza. Siku ya nne: kitu ambacho usingekiacha. Dakika 10 zinatosha, mistari minane hadi kumi, kwa lugha yoyote: Kiswahili, Kifaransa, Kinande, Kinyarwanda, Kihunde, Mashi. Shajara si dikte. Usisahihishe hata herufi. Mtoto akitaka kuandika makubwa, ataandika bila kutumwa, na hapo anakuwa amechagua mwenyewe. Mwenzetu anayeandika akajiona anazama abadilishe mada au afunge daftari. Hiyo nayo ni sehemu ya kanuni, iseme wazi.

Wewe usizisome. Usizikusanye. Ukitaka alama, zipo kwenye barua ya meza na kwenye msamiati. Daftari likishajua kwamba mwalimu atalisoma, linaanza kusema uongo, au linasema kweli ambayo huwezi kuibeba.

Kisha usalama, na hili naomba ulisimamie kwa ukali. Daftari linaweza kuangukia mikononi mwa yeyote. Katika shajara za wanafunzi wako pasiwe na majina ya watu wenye silaha, wala mahali walipo, wala nani alimficha nani, wala jina la aliyetendewa ubaya wa mwili. Hii si kuwafunga mdomo. Anne mwenyewe, alipoanza kuandika upya shajara yake mwaka 1944 akitumaini itachapishwa, aliandaa majina ya bandia: familia ya van Pels ikawa van Daan, na yule daktari wa meno, Pfeffer, akawa Dussel. Malala wa Pakistani, alipokuwa na miaka 11 na anaandika juu ya shule kufungwa mwaka 2009, aliandika kwa jina la Gul Makai. Wafundishe wawape watu majina ya miti, ya ndege, ya siku. Darasa zima litapenda jambo hilo, na limewahi kuokoa watu. Pasiwe na picha ya ukurasa kwenye WhatsApp, hata kwa nia njema. Na mwanafunzi asiye na mahali salama pa kutunza daftari aandike kwenye karatasi, asome kimya, achane. Aliyoyaandika yamekwisha mfanyia kazi.

Kuhusu aliyeuliza kwa nini vita vya Wazungu: swali lake ni zuri, mpe nafasi. Usimjibu kwamba mateso yote ni sawa. Hayalingani, wala hayashindani. Mwambie kwamba kitabu hiki kipo kwa sababu wanawake wawili waliofanya kazi katika ofisi iliyokuwa kwenye jengo lile la maficho, Miep Gies na Bep Voskuijl, waliokota karatasi sakafuni baada ya kukamatwa kwa wale wanane, na kwamba baba alikichapisha mwaka 1947. Kisha umwulize: za kwetu nani anaziokota? Mwache akae na swali.

Lakini kuna mlango mmoja ambao ukifunguka lazima uufunge mara moja. Mtu atasema, "kama ni hivyo, basi Wanazi wetu ni wale," na atataja kabila. Aliyetajwa ameketi benchi la tatu. Kata hapohapo, bila hasira: darasani hatumpi mtu yeyote nafasi ya Mnazi wala ya Myahudi, tunasoma msichana mmoja. Ukiacha dakika mbili tu, kitabu kilichoandikwa na mtoto aliyewindwa kwa sababu ya ukoo wake kitakuwa kimetumika kumwinda mwingine. Badala yake wapeleke kwa wasaidizi: watu wanne wa ofisini waliowapelekea wanane chakula, vitabu na habari kwa zaidi ya miaka miwili, wakijua adhabu. Goma ina nyumba nyingi zilizopokea wageni na kugawana nao sufuria moja ya maharagwe. Hilo darasa lote linaweza kulizungumza kwa sauti, bila kumwonyesha mtu kidole.

Utakutana pia na anayesema shajara ni ya uongo, ameiona kwenye simu. Mjibu kwa kazi iliyofanyika: taasisi ya Uholanzi ya nyaraka za vita ilichapisha mwaka 1986 matoleo yote pamoja, lile la kwanza la Anne, lile aliloliandika upya, na lile baba alilolihariri, baada ya wataalamu kuchunguza karatasi, wino na mwandiko. Vilithibitishwa.

Wale sita wapatie kitabu kwa zamu, siku nne kila mmoja, wawili wawili wakipenda. Usiwape kwa kuwaonea huruma, ni wasomaji.

Na yule binti aliyetoka. Usimwite ofisini, usimwulize mbele ya wenzake, usimtume rafiki yake amchunguze. Mkute mahali pa kawaida, mnaelekea getini, umwambie maneno haya: siku ile nilichagua ukurasa mgumu bila kuwaonya, nisamehe, kutoka kwako kulikuwa sawa. Kisha nyamaza, utembee naye hatua kadhaa. Kama hasemi kitu, ni sawa. Mpe fotokopi ya ukurasa wa meza kabla ya wengine, umwambie somo litakuwa siku gani, na kwamba anaweza kukaa karibu na mlango.